Modemu ya kebo na rauta ya pili: akses pointi, briji, ripita ama meshi, ipi inafaa nyumba yako?

Hili swali linakuja sana kwa watu wa Nairobi wenye intaneti ya kebo, ile inayoingia nyumbani na waya mnene wa duara kama wa TV, wateja wa Zuku wa siku nyingi wanaujua vizuri. WiFi ya sebuleni iko sawa, ukiingia chumba cha mwisho inakatika, mtoto ana darasa la onlaini, baba yuko kwa mkutano wa Zoom anaganda kila dakika, na ukienda maduka ya elektroniki ya Luthuli unaambiwa nunua tu rauta ingine. Sawa, rauta ingine inaweza kuwa jibu, lakini hiyo rauta moja unaweza kuiunganisha kwa njia kadhaa na kila njia inakupa kitu tofauti, sasa tuziweke kando kwa kando mtu achague akijua anachonunua. Msimamo wangu nausema mapema: kama unaweza kupitisha waya wa LAN, ule wa netiweki, mpaka pale WiFi haifiki, pitisha, alafu weka rauta huko kama akses pointi, yaani kituo cha pili cha WiFi cha netiweki ile ile. Hizo zingine ni za mtu ambaye waya umemshinda, ama ana sababu maalum.

Kabla hujatoa pesa jua shida iko wapi. Chukua laptop, ichomeke moja kwa moja kwa modemu na waya wa LAN, zima WiFi ya laptop, pima spidi. Ukipata ile spidi unayolipia basi laini iko sawa na shida ni WiFi, endelea kusoma. Ukipata nusu yake hata kwa waya, rauta mpya haitakusaidia chochote, piga simu kwa mtoa huduma waje waangalie laini, na uangalie pia kama kuna splita ya TV (kile kigawanyo cha waya) imewekwa njiani kwa ule waya wa duara, manake splita ya njia mbili inakula kama desibeli 3.5 za mawimbi na zile za bei ya chini zinakula zaidi. Huna laptop? Simama na simu karibu kabisa na modemu ukiwa kwa 5GHz (bendi ya WiFi yenye kasi zaidi ya 2.4GHz lakini isiyofika mbali) upime hapo, si kipimo kizuri kama cha waya lakini kinakupa picha.

Pia kuna watu wanaofikiria watanunua modemu ya pili waichomeke kwa waya wa TV wa chumbani. Hapana. Modemu ya kebo lazima isajiliwe kwa mtoa huduma ndio iwake, ukinunua yako mtaani itakaa tu ikitafuta mawimbi. Na kile kisanduku cha faiba cha jirani aliyehama hakiingii waya wa duara kabisa, hicho ni cha waya mwembamba wa kioo, ingawa vingine ukizima DHCP (ile kazi ya kugawa anwani za IP, namba za kila kifaa kwa netiweki) vinaweza kutumika kama akses pointi ya ziada, njia ni ile ya mkono nitakayoieleza kwa akses pointi.

Sasa geuza modemu yako uangalie chini na nyuma. Kama ina tundu moja tu la LAN na hakuna jina la WiFi kwa stika, hiyo ni modemu tupu na hapo hakuna mjadala, unahitaji rauta, waya unatoka modemu unaingia tundu la WAN la rauta, lile la kupokea intaneti (mara nyingi lina rangi tofauti na yale mengine) na kwa menyu unachagua IP ya kujipatia yenyewe, DHCP. Kebo mara nyingi haina mambo ya yuzaneimu na paswedi ya PPPoE kama faiba zingine. Kitu kimoja kinachosumbua watu hapa, modemu nyingi za kebo zinashika kifaa cha kwanza kilichochomekwa na zinakataa kingine, kwa hivyo kama ulikuwa umechomeka laptop alafu ukatoa ukaweka rauta, utaona taa zote zinawaka na intaneti hakuna. Toa modemu kwa stima kabisa, ngoja dakika moja mbili, chomeka rauta, washa modemu kwanza mpaka taa ya onlaini itulie, ndio uwashe rauta. Bado ikikataa, rauta nyingi zina sehemu ya kunakili MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya laptop, ama unapigia mtoa huduma wasajili hiyo mpya.

Lakini wengi wetu tuna ile modemu iliyo na rauta ndani, ina matundu manne na WiFi yake. Hapo ndio uchaguzi unaanza.

Rauta nyuma ya rauta, ama akses pointi?

Hizi mbili zinaonekana sawa kwa macho, sanduku moja hapa, lingine kule, waya katikati. Tofauti iko kwa tundu unalochomeka na nani anagawa anwani za IP.

Ukitoa waya kwa LAN ya modemu ukauingiza WAN ya rauta mpya bila kubadilisha kitu, itafanya kazi ndani ya dakika tano na ndio maana mafundi wengi wanakuachia hivyo. Sasa una netiweki mbili, moja ndani ya ingine. Kama ni simu za WhatsApp na YouTube tu hutaona tofauti. Utaiona siku printa iko kwa WiFi ya sebuleni na laptop iko kwa ya chumbani hazionani, ama unataka kurusha video kwa TV na simu haiioni TV, ama kijana anacheza PlayStation na marafiki inamwambia NAT (vile rauta inavyotumia anwani moja ya nje kwa vifaa vingi) ni aina ya 3 na hasikii wenzake kwa maiki, ama kamera za CCTV ulizozoea kufungulia poti (mlango wa kuzifikia kutoka nje) sasa unahitaji kufungua poti mara mbili. Na kuna ile ya anwani kugongana: modemu ni 192.168.0.1, rauta mpya pia imetoka kiwandani na 192.168.0.1, hakuna kitu kinaenda. Rauta za siku hizi nyingine zinajibadilisha zenyewe, isipojibadilisha ipe 192.168.2.1 ama nyingine yoyote ambayo tarakimu ya tatu ni tofauti.

Ila iko na matumizi yake halali, na ni kutenganisha watu. Una mpangaji wa servant quarter (SQ), ama una duka mbele na nyumba nyuma, unataka kila mtu na yake. Hapa sikiza vizuri maana karibu kila mtu anaweka kinyume. Watu wanajiwekea modemu, ambayo ni netiweki ya nje, na kumpa mpangaji rauta ya pili, ambayo ni netiweki ya ndani, wakidhani wamemfungia huko. Ni kinyume! Aliye kwa rauta ya ndani anaweza kufikia vifaa vilivyo kwa modemu ya nje, aliye nje ndio hawezi kufikia vya ndani. Kwa hivyo mpangaji ndiye akae kwa modemu, wewe na kamera zako na kompyuta ya kazi mkae kwa rauta ya ndani. Kama huhitaji kutenganisha watu namna hiyo, WiFi ya wageni inatosha, rauta nyingi ziko nayo.

Akses pointi sasa. Hapa rauta mpya inaacha kujifanya mkubwa, modemu inabaki kugawa anwani zote na rauta inakuwa tu mdomo mwingine wa WiFi upande ule mwingine wa nyumba. Netiweki ni moja, printa inaonekana kila mahali, TV inaonekana, gemu iko sawa. Rauta nyingi za sai ziko na chaguo la hali ya akses pointi kwa menyu, unabonyeza inajiwasha upya umemaliza. Kama yako ni ya zamani haina hilo chaguo unafanya kwa mkono, na mpangilio ni huu: ipe anwani iliyo kwa familia ya modemu lakini si ile ile, tuseme modemu ni 192.168.0.1 wewe uipe 192.168.0.2, alafu zima DHCP, seti jina la WiFi na paswedi, mwisho chomeka waya kutoka LAN ya modemu kuingia LAN ya rauta, WAN uiache wazi kabisa. Fuata hivyo hivyo, maana ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani inaweza kuwa kazi kuingia tena kwa menyu na utalazimika kushika pini ya riseti uanze upya.

Jina na paswedi viwe sawa na vya modemu, hapo simu inahama yenyewe ukitembea. Chaneli ndio ziwe tofauti, kwa 2.4GHz tumia 1, 6 ama 11 tu, modemu ikiwa 1 rauta iwe 6 ama 11, manake hizo tatu ndio haziingiliani. Simu zingine ni ving'ang'anizi, zitashikilia ile ya mbali mpaka mawimbi yaishe kabisa, kwa hiyo punguza nguvu ya 2.4GHz ya modemu kama menyu inakuruhusu, inasaidia sana.

Unachopoteza kwa akses pointi ni zile raha za rauta yenyewe, kuzuia watoto saa za usiku, kugawa spidi kwa kila mtu, hizo zinabaki kwa modemu na modemu za mtoa huduma mara nyingi menyu yake ni finyu. Ukitaka hizo, basi unaangalia briji.

Briji

Hii ni kuiambia modemu iache urauta, ipitishe tu intaneti ghafi kwa rauta yako. WiFi ya modemu inazimika, yale matundu mengine kwa kawaida hayatumiki tena, kila kitu ni rauta yako. Kwa nyumba yenye vifaa vingi, TV mbili, kamera, simu za watu sita, laptop za kazi, modemu ya mtoa huduma inaweza kuchoka na unahitaji kuiwasha upya kila mara, hapo briji na rauta nzuri ni kama kubadilisha injini. Vilevile kwa mtu wa VPN ya kazini ama anayetaka kufungua poti, briji ni safi kuliko zote, NAT ni moja tu.

Lakini angalia hili jambo ambalo linasahaulika: briji peke yake haiongezi eneo la WiFi. Ulikuwa na sanduku moja la WiFi sebuleni, sasa bado una sanduku moja la WiFi sebuleni, labda lenye nguvu kidogo. Akses pointi inakuongezea la pili. Kwa hiyo kama kilio chako ni chumba cha mwisho, briji si dawa yake isipokuwa una waya mrefu wa kusogeza rauta katikati ya nyumba. Na mara nyingi huwezi kuiwasha mwenyewe, inabidi upige simu wakufanyie kutoka kwao, na modemu ikiresetiwa inaweza kurudi ilivyokuwa, hapo ghafla una rauta nyuma ya rauta bila kujua. Ukiona printa imepotea siku moja bila sababu anzia hapo kuangalia.

Na kama waya hauwezi kupita?

Nyumba za kupanga, mwenye nyumba hataki mashimo, naelewa. Lakini jaribu kwanza. Kuna waya bapa unapita chini ya mlango, kuna tranking ya plastiki unabandika juu ya sketi (ule ubao wa chini ya ukuta) bila kutoboa, kwa mezonet (nyumba yenye ngazi na ghorofa ndani) waya unaweza kutoka dirisha la chini kuingia la juu ukitumia ule wa nje wenye ganda linalovumilia jua. Nunua shaba tupu, si ile alumini iliyopakwa shaba ambayo inauzwa bei ya chini na inakatika kwa kona. Cat5e inakubeba giga moja mpaka mita 100, hakuna nyumba ya kawaida inahitaji zaidi. Ukishapiga vichwa vya waya angalia kompyuta inasema imeunganishwa kwa 1000 ama 100 (Mbps, 1000 ndio giga moja), ikisema 100 na vifaa vyote viwili ni vya giga, kuna jozi ya waya haijashika.

Ikishindikana kabisa, ripita ndio ya bei ya chini, unachomeka kwa soketi umemaliza. Shida yake ni hewa, inasikiliza na kurudia kwa redio ile ile kwa hivyo spidi inakatika karibu nusu, zile za bendi mbili zinapunguza hii shida kiasi kwa kusikiliza kwa bendi moja na kuongea kwa nyingine. Na watu wanaiweka vibaya, wanaichomeka ndani ya kile chumba ambacho WiFi haifiki, sasa itarudia nini? Weka nusu njia, mahali simu bado inaona mawimbi mazuri. Kwa WhatsApp na kusoma habari kitandani inatosha, kwa Zoom ya kazi siitegemei.

Meshi ni ripita zilizoenda shule, vijisanduku viwili vitatu vinavyojuana, apu nzuri, simu inahama vizuri bila kung'ang'ania. Kwa ghorofa za vigawanyo vyepesi ni raha. Kwa nyumba ya mawe ya Ndarugo yaliyojazwa saruji, ama mezonet yenye slabu ya nondo katikati, vile vijisanduku vinaongea kupitia ule ule ukuta uliokusumbua mwanzo, na 5GHz ndio inaumia zaidi. Meshi ikiunganishwa na waya nyuma ni nzuri mno, lakini kama una waya basi rauta mbili za kawaida kama akses pointi zinakaribia kufanya kazi ile ile kwa pesa kidogo. Ukinunua meshi soma matundu: kwa zile za TP-Link, Deco E4 ni ya tundu la 100, Deco M4 ni ya giga, na kwa macho zinafanana sana.

Kuna pia vile vidude vya kupitisha intaneti kwa nyaya za stima za ukutani. Vichomekwe ukutani moja kwa moja si kwa ekstensheni, na pande zote mbili ziwe kwa mita moja ya stima, SQ yenye tokeni zake haitakubali vizuri. Nyaya za zamani zinavipa shida. Mimi naviweka kama chaguo la mwisho kabisa, ila kwa slabu nene bila waya vinaweza kuishinda ripita.

Namba za kwa boksi zisikutishe

AC1200 si spidi ya intaneti yako, ni 300 ya bendi ya 2.4 ukijumlisha na 867 ya bendi ya 5 alafu wakakaribisha juu. AX1500 ni 300 na 1201. Simu nyingi zinatumia bendi moja kwa wakati na hazifiki hata hiyo. Kinachokuhusu zaidi ni tundu: Archer C50 ya TP-Link imeandikwa AC1200 lakini matundu yake ni ya 100, Archer C6 iko kwa kundi lile lile la AC1200 na matundu yake ni ya giga. Kama bando yako ni chini ya 100 huna haja ya kuhangaika, C50 ama hata ya zamani itakutosha kama akses pointi. Kama umelipia zaidi ya hapo na ukaweka rauta ya matundu ya 100, unalipia spidi isiyokufikia. Rauta za bendi moja kama TL-WR840N bado zinauzwa sana, zinafika mbali, lakini kwa ghorofa yenye WiFi thelathini za majirani kwa 2.4GHz utateseka, ongeza kidogo upate bendi mbili. Wingi wa antena nao si kitu, na zikisimama wima zote zinarusha pembeni zaidi kuliko juu na chini, kwa mezonet laza moja.

Na popote utakapoiweka, badilisha paswedi ya admin, tumia ulinzi wa WPA2 ama WPA3, zima WPS (kuunganisha kwa kitufe ama PIN). Ya mitumba shika pini ya riseti sekunde kama kumi kabla ya kuichomeka kwako, hujui ilikuwa imesetiwa na nani.

Mambo ya stima

Hili halisemwi dukani. Ukiongeza rauta sasa una vitu viwili vya kuwekewa UPS (betri ya akiba). Kwa briji, modemu na rauta vikikaa pamoja unaweza kutumia UPS ndogo moja ya DC yenye matundu kadhaa, soma stika za adapta zote mbili, moja inaweza kuwa volti 12 na nyingine 9, na jumla ya ampea isizidi ile UPS inatoa. Kwa akses pointi iliyo mbali, ile ya chumbani itazimika stima ikipotea isipokuwa uipe yake, lakini modemu ya sebuleni bado ina WiFi kwa hiyo mnahamia sebuleni mkiendelea na kazi. Hiyo ndio faida moja ya akses pointi kuliko briji ambayo kwa nyumba za stima ya kupotea potea naipa uzito mkubwa.

Ila ujue kebo ya duara inategemea vipaza mawimbi vilivyo njiani mtaani, navyo vinakula stima na betri zake zina mwisho. Faiba ya nyumbani kwa kawaida haina kitu cha stima kati ya kituo chao na wewe. Kwa hiyo stima ikipotea nyumba yako tu, UPS itakubeba, ikipotea mtaa mzima masaa mengi unaweza kuona modemu inawaka vizuri na taa ya onlaini inapepesa bila kutulia, hapo usianze kuresetiresetia rauta na kuharibu seti zote ulizoweka, washa data ya simu usubiri.